Nguo ya Askari na Blanketi la Mchukuzi

Aliye na kalamu na aishike, na mwalimu wa darasa tafadhali aandike ubaoni maneno manne haya: SARE, MIRABARABA, KAKI, MCHUKUZI. Tutakutana nayo mara nyingi katika somo la leo, na hilo la nne ndilo nitakalo mlishike zaidi.

Leo tutazungumza juu ya nguo. Si nguo ya arusi wala ya sikukuu, bali nguo ya jeshi. Huenda mwanafunzi mmoja akauliza, "Nguo ya jeshi yanihusu nini mimi, muuza vitunguu?" Yakuhusu. Kila siku unapopanda gari na kumwambia kondakta, "Nishushe Kariakoo," unataja jina la kikosi cha jeshi. Kikosi hicho kilikuwa na watu wengi mno, na watu hao ndio waliopewa nguo chache kuliko wote. Tutafika huko. Kwanza twende mbali kidogo, tujue nguo ya jeshi ni kitu gani na ilianzaje kuwa na nguvu juu ya watu.

Kaskazini ya kisiwa cha Uingereza iko nchi ya milima na baridi, nayo huitwa Uskoti. Watu wa milima ile wana kitambaa cha sufu kilichofumwa kwa mirabaraba. Wao wenyewe hukiita tartani. Mraba, kama mlivyojifunza katika hesabu, ni umbo la pande nne zilizo sawa. Mirabaraba basi ni miraba mingi iliyopangwa pamoja juu ya nguo. Mfumaji huzihesabu nyuzi zake: za kijani kadhaa, za buluu kadhaa, nyeusi kadhaa, akazitandika kwa urefu. Kisha huzipitisha nyuzi za rangi zile zile, kwa hesabu ile ile, kwa upana. Mahali kijani kinapokutana na kijani, rangi huwa nzito. Mahali kijani kinapokutana na nyeusi, hutokea rangi ya tatu ambayo mfumaji hakuitia. Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho yako, shika shuka ya Kimasai yenye mirabaraba, uiinue kwenye jua. Shuka ile si nguo ya jeshi. Naitaja kwa ajili ya ufumaji wake tu.

Mwaka 1725 serikali ya Uingereza iliandika vikosi vidogo vya watu wa milimani ili walinde amani katika milima yao wenyewe. Mwaka 1739 vikosi vile viliunganishwa vikawa rejimenti moja. Sare yao ilikuwa mirabaraba ya rangi za giza: kijani, buluu na nyeusi. Watu wakawaita Black Watch, maana yake Walinzi Weusi, na inasemekana jina hilo lilitokana na giza la nguo zao. Rejimenti hiyo hiyo ilikuja Kenya mwaka 1953, wakati wa Mau Mau. Lakini hiyo ni habari ya siku nyingine.

Sasa sikilizeni. Mwaka 1745 baadhi ya watu wa milimani walimwasi mfalme, na mwaka 1746 wakashindwa vitani. Mwaka ule ule ikatungwa sheria kwamba mwanamume yeyote wa milima ile, mkubwa au mtoto, asivae nguo za kimila. Akikamatwa mara ya kwanza, kifungo cha miezi sita. Mara ya pili, ahamishwe ng'ambo ya bahari kwa miaka saba. Walioruhusiwa ni askari wa mfalme tu. Sheria ile haikufutwa mpaka mwaka 1782. Kwa hiyo, kwa miaka thelathini na zaidi, mtu aliyetaka kuvaa mirabaraba ya babu yake bila hofu alikuwa na njia moja: ajiandikishe jeshini. Nguo ilikuwa ya watu, sasa ikawa ya Serikali.

Usidhani kwamba mambo ya namna hii ni ya zamani na ya Ulaya peke yake. Hapa Tanzania nguo ya jeshi nayo ina sheria yake, ila imegeuzwa. Kule raia alikatazwa nguo yake mwenyewe. Hapa raia anakatazwa nguo ya askari. Mwezi wa Agosti mwaka 2023 Jeshi la Wananchi liliwataka raia wote wenye sare za jeshi, au nguo zinazofanana nazo, wazisalimishe katika muda wa siku saba. Basi ewe mwanafunzi, ukiwa unachambua mitumba ukaliona koti zuri la mabaka kwa bei rahisi, liache pale pale. Muuzaji atakuambia, "Hili limetoka Ulaya, si la hapa." Hilo halitakusaidia. Na mimi naona sheria hiyo ina sababu, maana mtu aliyevaa sare hutiiwa kabla hajafungua kinywa.

Haya, tutazame neno la tatu: KAKI. Neno hili limetoka kwa Waajemi na watu wa Bara Hindi. Kwao "khak" ni vumbi, au udongo. Zamani askari wa Uingereza walivaa makoti mekundu, ili waonekane na kuogopwa. Mwaka 1846 ofisa mmoja aitwaye Harry Lumsden aliunda kikosi huko Peshawar, mji ambao leo uko Pakistani, na baada ya muda akawavika watu wake nguo zilizotiwa rangi ya vumbi. Nchi ile ni kavu, na mtu aliyevaa rangi ya ardhi haonekani upesi. Kazi ya nguo ikageuka. Mirabaraba husema, "Nitazame, ujue mimi ni nani." Kaki husema, "Usinione."

Katika vita vya Waingereza na Makaburu huko Afrika ya Kusini, kutoka mwaka 1899 mpaka 1902, nguo hizi mbili zilikutana juu ya mwili mmoja. Askari wa Uskoti walikwenda vitani na vikoi vyao vifupi vya mirabaraba, lakini mbele ya kikoi wakafunga kitambaa cha kaki, mfano wa aproni ya mpishi. Bunduki za Makaburu zilikuwa na shabaha, na fahari ya babu ilibidi ifichwe.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 1902 Waingereza waliviunganisha vikosi vyao vya Afrika Mashariki na Nyasa vikawa jeshi moja, King's African Rifles. Kwa kifupi waliandika K.A.R., na wazee wetu wakalitamka "Keya". Askari wa Keya alivaa shati na kaptura ya kaki, na siku ya gwaride tarbushi nyekundu yenye shada. Wajerumani, waliotawala Tanganyika wakati ule, nao walikuwa na askari wao Waafrika, na sare yao ilikuwa kaki pia, na tarbushi iliyofunikwa kwa kitambaa cha kaki. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwezi wa Agosti mwaka 1914, Mwafrika wa kaki alimwinda Mwafrika wa kaki katika majani yale yale, kwa ugomvi ambao haukuwa wake.

Manowari za Waingereza zilifunga bahari, na Wajerumani hawakupata tena vitu kutoka kwao, isipokuwa meli mbili tu zilizopenya: moja ilifika ghuba ya Manza, karibu na Tanga, mwaka 1915, na ya pili ilifika Sudi, katika pwani ya kusini, mwaka 1916. Sare zikachakaa. Basi pamba ya nchi ikasokotwa na kufumwa kwa mikono, na rangi ya kaki ikatolewa katika mti uitwao ndaa. Jenerali wao, Lettow-Vorbeck, aliyaandika mambo hayo katika kitabu chake baada ya vita na kuyasifu. Mimi husema kwamba sifa ile ni ya waliosokota, wakafuma, wakapika rangi; na majina yao hayamo kitabuni.

Mpaka hapa tumezungumza juu ya watu waliokuwa na sare. Sasa tuje kwa MCHUKUZI.

Jeshi haliendi kwa bunduki tu. Lahitaji unga, risasi, hema na dawa. Ulaya, vitu hivi vilikwenda kwa reli, kwa magari na kwa farasi. Kwetu reli zilikuwa chache: ya Tanga mpaka Moshi, na ya Dar es Salaam mpaka Kigoma. Farasi, punda na ng'ombe waliumwa na mbung'o wakafa. Barabara za magari hazikuwapo, na mvua ilipokuja hata njia za miguu zilikuwa matope. Kilichobaki ni kichwa na mabega ya mtu.

Tufanye hesabu, mwalimu wa darasa aiandike ubaoni. Mchukuzi alibeba mzigo wa ratili hamsini hivi, yaani karibu kilo 23. Tuseme amebeba unga. Na tuseme yeye mwenyewe anakula ratili mbili kwa siku. Askari wako mbele, mwendo wa siku kumi. Mchukuzi atakwenda siku kumi na kurudi siku kumi, jumla siku 20. Atakula ratili ngapi? Arobaini. Je, ratili ngapi zitamfikia askari? Kumi tu. Na mwendo ukiwa siku kumi na tatu, hakitafika kitu. Mchukuzi ataula mzigo wote na kulala na njaa njiani. Ndiyo sababu kila askari mmoja alihitaji wachukuzi kadhaa nyuma yake, na jeshi lilivyozidi kwenda mbali ndivyo watu walivyozidi kutafutwa. Hesabu hii ndogo ilimaliza vijiji.

Mwanzoni wengine walikwenda kwa hiari, kwa ajili ya mshahara. Baadaye hiari haikutosha. Katika nchi ambayo leo ni Kenya ilitungwa sheria mwaka 1915 ya kuwachukua watu kwa nguvu, na mwaka 1917 wakachukuliwa kwa wingi kupita wakati wowote. Upande wa Wajerumani mambo hayakuwa mema zaidi. Watu walikamatwa vijijini, wakabebeshwa mizigo, na hesabu zao hazikuwekwa vizuri.

Kikosi cha wachukuzi wa Waingereza kiliitwa Carrier Corps. Nisikilizeni vizuri kwa habari ya neno hilo la pili. Waingereza huliandika kwa herufi tano, lakini herufi mbili za mwisho hawazitamki kabisa. Wao husema "koo". Basi mwanafunzi anayeona haya kwa sababu ya makosa ya tahajia na ajipe moyo: Kiswahili huandikwa kama kinavyosemwa, na wenye lugha ile ndio wenye taabu. Waingereza waliuteka mji wa Dar es Salaam mwanzoni mwa mwezi wa Septemba mwaka 1916. Wachukuzi wakawekwa kambi upande wa magharibi wa mji, mahali ambapo Wajerumani walikuwa wamejenga jengo la soko kabla ya vita. Watu wakapaita mahali pale "Keria Koo", na ulimi wa Kiswahili ukaongeza vokali zake: Kariakoo. Vita ilikwisha, kambi ikaondoka, soko likaanza, jina likabaki. Huko Nairobi nako uko mtaa wenye jina hilo hilo, ila wao huandika Kariokor.

Mchukuzi alivaa nini? Hili ndilo swali la somo letu. Askari alipewa kaki, tarbushi, mkanda na bunduki. Mchukuzi mara nyingi alipewa blanketi, na kibati chenye namba. Blanketi lilikuwa nguo mchana, godoro usiku, na ngata ya kuwekea mzigo kichwani. Lilipolowa kwa mvua lililowa lote, na mtu akalala ndani yake hivyo hivyo. Watu wa pwani walipelekwa penye baridi, watu wa milimani wakapelekwa kwenye mabonde ya homa. Walipewa unga wa aina wasioizoea, mara nyingi bila muda wala kuni za kuupika sawasawa, na matumbo yakaharibika. Kuhara damu, malaria na homa ya mapafu viliua watu wengi kuliko risasi. Mkuu wa kikosi, Oscar Watkins, alilalamika kwa wakubwa wake juu ya hali ya watu hawa. Lakini malalamiko yalikwenda kwa miguu, na amri za vita zilikwenda kwa simu.

Hesabu ya Waingereza wenyewe ilionyesha kwamba wachukuzi wao waliokufa walizidi 40,000. Wanahistoria huamini kuwa idadi ya kweli ni kubwa zaidi sana, labda inakaribia 100,000. Fikiri juu ya umati huo. Wengi walizikwa kando ya njia, bila jiwe, bila jina. Na wengine mishahara yao haikulipwa kwa mtu yeyote, maana jina lilikuwa limeandikwa vibaya, au kijiji hakikujulikana, au namba ilipotea, na ndugu nyumbani hawakujua pa kwenda kudai. Fedha zile zilibaki Serikalini, na miaka mingi watu walizidai bila kufanikiwa.

Kutoka Kariakoo, ukivuka Mnazi Mmoja ukaingia mjini mpaka Mtaa wa Samora, utaiona sanamu ya askari aliyeshika bunduki yenye singe, ameielekeza bandarini. Hapo zamani ilikuwapo sanamu ya Mjerumani, Gavana Wissmann, na Waingereza wakaiondoa. Hii ya askari iliwekwa mwaka 1927. Mchongaji alikuwa Mwingereza aitwaye James Alexander Stevenson. Chini yake pana maandishi ya Kiingereza, ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na ya Kiswahili kwa herufi tunazojifunza sisi. Maandishi yale yanawataja wachukuzi pia, na kusema kuwa wao walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Ni maneno mazuri. Lakini tazama juu ya sanamu. Aliyesimama ni mwenye sare. Huko Nairobi ziko sanamu tatu pamoja, na mmoja wao ni mchukuzi. Kwa maoni yangu Nairobi walitenda haki zaidi.

Liko jambo jingine kuhusu sare. Mwaka 1964, Bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwalipa askari wazee wa Tanganyika mishahara ambayo hawakuipata mwaka 1918. Inasimuliwa kuwa wazee walipokusanyika Mwanza, wachache tu walikuwa na cheti. Wengine walileta vipande vya sare zao za zamani kuwa ushahidi. Waliobaki walipewa ufagio, wakaamriwa kwa Kijerumani wafanye gwaride la bunduki, na hakuna aliyeshindwa. Basi kipande cha kaki kilichotunzwa sandukuni kwa miaka 46 kilikuwa na thamani ya fedha. Mchukuzi angeleta nini? Blanketi? Kila mtu ana blanketi.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa na kuomba radhi. Ilikiri kwamba watu 116,000 kwa uchache, na huenda zaidi sana, waliokufa katika vita ile hawakuandikwa majina yao mahali popote pa ukumbusho. Wengi wao walikuwa watu wa Afrika na Misri. Miaka zaidi ya mia moja ilikuwa imepita. Mwaka huo huo, mwezi wa Julai, moto uliunguza soko la Kariakoo, jengo lililochorwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Watu wengi waliozungumza juu ya moto ule walilitaja jina la soko siku nzima.

Sasa kazi ya darasa. Walio Dar es Salaam, kabla ya somo lijalo nendeni Mtaa wa Samora kwa makundi. Msivuke barabara ovyo; magari pale ni mengi. Izungukeni sanamu pande zote. Andikeni vitu vyote alivyovaa askari yule, kutoka kichwani mpaka miguuni. Kisha msome maandishi ya Kiswahili kwa sauti, mmoja mmoja, na asiyeweza neno fulani asaidiwe na mwenziwe.

Walio mikoani, na walio Dar es Salaam pia, waulizeni wazee wa nyumbani: Je, katika ukoo wetu yuko mtu aliyechukuliwa kubeba mizigo katika vita ya Wajerumani na Waingereza? Mara nyingi bibi hujua kuliko babu. Akitajwa mtu, andika jina lake kamili, halafu jina la baba yake, halafu jina la kijiji chake. Kama alirudi, andika alirudi. Kama hakurudi, andika hakurudi. Tumia kalamu ya wino, si ya risasi, na mwalimu azikusanye karatasi zote azitie katika jalada moja.